Shingo Thelathini na Nane

Jumatatu asubuhi, kabla Mama Futi hajapitisha uzi kwenye tundu la sindano, Mwalimu Mkuu aliingia kibandani bila hodi na kubwaga gunia juu ya meza ya kukatia. Ndani ya gunia mlikuwa na mashati meupe ya shule, thelathini na nane, yote yaliyotoka mkononi mwa Mama Futi likizo iliyopita, na kwa maneno ya Mwalimu Mkuu hayakufaa hata kufutia ubao.

"Kola hazifungi, fundi. Kifungo cha juu kinakataa. Nimejaribu kwa mikono yangu mwenyewe, mtoto mmoja almanusura nimnyonge."

"Haiwezekani, Mwalimu."

"Basi njoo unyonge na wewe."

Shule ile ilikuwa na sheria moja isiyojua mvua wala jua: kifungo cha juu kifungwe, tai ikae juu yake. Mwalimu Mkuu alikuwa mwanamke wa kunyooka, aliyeamini kwamba mtoto mwenye kola wazi leo atakuwa na maisha wazi kesho. Alikaa kwenye kiti cha wateja, akaweka mkoba mapajani, akashusha sauti. Alipokuwa akishusha sauti ndipo alipokuwa mbaya zaidi.

"Watu wanasema umeanza kudokoa kitambaa. Kwamba kola unazikata kwa ubahili, vipande unavibakiza. Mimi sisemi. Watu ndio wanasema."

"Watu gani?"

"Watu."

Watu hao mnawafahamu. Hawana sura wala anwani, lakini hawakosi kazi hata siku moja. Mwalimu Mkuu akamaliza kwa kusema kwamba Jumamosi kuna kikao cha wazazi, na kama hadi hapo hajapata maelezo yanayoeleweka, basi atatangaza fundi mwingine. Fundi wa sokoni alikuwa ameshaleta mashati ya mfano, yamepigwa pasi mpaka yanang'aa. Akaaga, akaondoka, na gunia likabaki mezani.

Mama Futi alikuwa ameishonea shule ile kwa miaka ishirini na miwili. Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa limebaki kwenye kitambulisho tu, maana mji mzima ulimwita Mama Futi kwa sababu ya futi yake ya kupimia, ambayo haikumtoka shingoni. Aliwahi kwenda nayo msibani bila kujua, na watu wakamwangalia vibaya wakidhani amekuja kumpima marehemu. Alijifunza ushonaji akiwa msichana, kwa mama mmoja mkali aliyekuwa akichapa vidole kwa rula, na kutoka kwa mama yule alirithi mambo mawili: mkono usiotetemeka na tabia ya kuandika kila kitu. Kila mtoto alikuwa na mstari wake daftarini: kifua, bega, mkono, urefu, shingo. Mtoto akimaliza shule mstari wake haukufutwa. Madaftari ishirini na mawili, moja kwa kila mwaka, yalijipanga kwenye rafu juu ya mashine ya ovaloki ya kupindia kingo.

"Siku moja yatakuporomokea haya," wifi yake alizoea kumwambia. "Tutakufukua kama tunavyochimba viazi."

Wifi huyu alikuwa mke wa kaka yake. Kazi yake pale kibandani ilikuwa kushona vifungo na kutoboa matundu yake, na walitaniana kwa maneno makali kiasi kwamba wateja wapya walidhani wanagombana. Siku hiyo hakutania. Alimwona Mama Futi amesimama mbele ya gunia, mikono imelegea, na akajua kwamba wifi yake ameumia. Kazi ya shule ilikuwa nusu ya kazi zote za kibanda kile. Lakini si hilo lililomuuma. Kilichomuuma ni kuitwa mdokozi, yeye ambaye vipande vya inchi mbili alivirudisha kwa wenyewe vimefungwa kwa uzi.

"Kitambaa kimeruka," wifi alisema. "Kimeingia maji kikapungua. Tuseme hivyo, tuombe radhi, tushone upya, yaishe."

"Tuseme hivyo, au ndivyo ilivyo?"

"Wifi, usinianze asubuhi."

Mama Futi hakubishana. Alikata kipande cha kitambaa kilekile kilichobaki kwenye jora, akakipima, akakiandika, akakichemsha kwenye sufuria ya chai mpaka wifi akalalamikia chai yake, akakianika, akakipiga pasi, akakipima tena. Hakikupungua hata unywele. Kisha akatoa mashati yote thelathini na nane, moja baada ya jingine, akapima kila kola na kuilinganisha na daftari. Kola zote zilikuwa sawa na daftari. Mikono sawa, mabega sawa, vifua sawa.

"Basi umeshinda," wifi alisema. "Ulishona ulivyopima."

Mama Futi akakaa chini. Uso ulimbadilika, na wifi akaona aibu ikimpanda kutoka kidevuni mpaka kwenye paji.

"Shingo sikuzipima."

"Unasemaje?"

"Shingo sizipimi, wifi. Nampima mtoto mwaka wa kwanza tu, akiingia shule. Miaka inayofuata naongeza robo inchi. Ndivyo nilivyofundishwa. Watoto mia mbili na kitu, siku moja ya kupima, wanasukumana, wanachekana ukiwatekenya. Kifua kinaruka, urefu unaruka, lakini shingo inakwenda kwa mwendo wake. Robo inchi, kila mwaka, miaka ishirini na miwili, na sikumbuki kola iliyonirudia."

Wifi alimkodolea macho. Mwanamke huyu, aliyekuwa akimrudisha mteja mlangoni kwa sababu amesahau kumpima kiwiko, kumbe naye alikuwa na njia yake ya mkato. Tuseme ukweli, wifi alifurahi kidogo. Lakini alikuwa na utu wa kuificha furaha ile, akaenda kuinjika chai upya.

Mtu mwingine angeishia hapo. Angeomba msamaha, angefumua kola, angeshona nyingine na kumshukuru Mungu kwamba hakufukuzwa. Mama Futi alichukua kiwembe cha kufumulia, akalivuta shati la kwanza, akageuza kola upande wa ndani. Palikuwa na kitambaa kidogo chenye namba, 14. Akafumua. La pili lilikuwa na 51. La tatu, 7. Alipofika shati la kumi akaacha kufumua na kuanza kugeuza tu, haraka haraka, kama anayetafuta noti iliyopotea. Mashati yote thelathini na nane yalikuwa na namba.

"Wifi," akasema, "namba tunawawekea akina nani?"

"Si watoto wa bweni? Ili dobi asiwachanganyie nguo."

"Na wa kutwa?"

"Wa kutwa hawana namba. Wanafuliwa kwao."

"Wa kutwa ni mia moja na ishirini na sita. Wa bweni themanini na sita. Niliwaongezea wote robo inchi. Mbona hakuna hata mtoto mmoja wa kutwa aliyerudisha shati?"

Wifi akasema labda dobi wa bweni anachemsha nguo. Mama Futi akamwambia achukue shati lolote apime mkono wake: dobi gani anayechemsha kola peke yake akaiacha mikono? Wifi akapima. Mkono ulikuwa uleule. Akaliweka shati mezani taratibu, na kwa mara ya kwanza siku ile wote wawili wakaogopa, maana kama kola haikupungua, basi kilichobadilika kilikuwa shingo.

Na wifi alikuwa na shingo yake kule bwenini. Binti yake wa kwanza, aliyekuwa akiitwa Chiriku kwa sababu ya mdomo wake usiopumzika, alikuwa na mwaka wa pili sasa akilala shuleni, kwa kuwa kwao kulikuwa ng'ambo ya pili ya mji. Namba yake ilikuwa 51. Ripoti yake ya mwisho ilisema: mzito, msinziaji, hana juhudi. Chini yake Mwalimu Mkuu alikuwa ameandika kwa wino mwekundu kwamba asipobadilika muhula huu, atarudishwa darasa. Wifi alikuwa amemgombeza mtoto, amembembeleza, amemnyima kwenda harusini, na mtoto akawa anamwangalia tu kwa macho mazito na kuomba sweta.

Jumanne Mama Futi alikwenda shuleni na futi yake, wifi akamfuata na daftari. Mwalimu Mkuu aliwapokea kama mtu anayepokea wadai wa jirani.

"Umekuja na maelezo?"

"Nimekuja na kosa langu, Mwalimu. Shingo sikupima, nilikadiria. Naomba asubuhi moja tu niwapime watoto."

"Unakubali kwamba umekosea?"

"Nakubali. Sasa nataka kujua nimekosea kiasi gani."

Mwalimu Mkuu hakuwa amezoea watu wanaokubali makosa namna hiyo, bila kisingizio wala kulia. Akamruhusu. Walipanga watoto wa bweni kwenye baraza, Mama Futi akapima, wifi akaandika. Kumi na tatu na nusu. Kumi na tatu na robo tatu. Kumi na nne. Mama Futi alitaja namba kwa sauti ileile moja, lakini shingo kadhaa alizipima mara mbili. Alipowageukia watoto wa kutwa, akapima arobaini, na kila mmoja alikuwa ameongezeka robo inchi yake kamili, kama alivyofundishwa na yule mama wa rula.

Chiriku alifika mbele yake amevaa sweta juani. Mama Futi akazungusha futi. Daftari lilisema kumi na mbili na nusu. Futi ilisema kumi na nne.

"Shikamoo, shangazi," mtoto akasema polepole.

"Marahaba, mwanangu. Hulali vizuri?"

"Nalala sana, shangazi. Ndiyo shida yenyewe."

Mama Futi akapitisha kidole chini ya koo la mtoto. Palikuwa na kitu laini, kipana, kilichojaa. Si mafuta. Miaka yote ile ameshika shingo za watu na anajua mafuta yalivyo. Alitaka kulia lakini akajikaza, kwa kuwa mama mtu alikuwa amesimama pembeni na kalamu mkononi.

"Wananenepa," Mwalimu Mkuu alisema, akijaribu kuona fahari. "Chakula chetu ni kizuri."

"Mwalimu, mtu ananenepaje shingo tu? Vifuani mashati yanawatosha vilevile. Na katika watoto themanini na sita, sitini na mmoja wamepita robo inchi. Waliorudisha mashati ni wale waliozidi sana."

Mwalimu Mkuu akalichukua daftari, akalitazama, akalirudisha. Alisema fundi ashone nguo na mambo ya miili awaachie wenyewe. Lakini alisema bila nguvu, na macho yake yalikuwa kwa watoto barazani, akiwatazama shingoni kama ndiyo kwanza anawaona.

Jumatano wawili hao walikuwa kwenye foleni ya zahanati tangu milango ilipofunguliwa. Muuguzi wa mapokezi akauliza nani mgonjwa. Mama Futi akasema wagonjwa ni sitini na mmoja, hajaja nao, amekuja na orodha. Muuguzi akamwita daktari ili naye asikie kichekesho. Daktari alikuwa mwanamke kijana mwenye miwani, ana miezi michache tu pale, na hakucheka. Akawaingiza ndani, akalifungua daftari, akaanza kusoma mstari kwa mstari huku akifuata kwa ncha ya kalamu.

"Mama, hii safu ya mwisho ni nini?"

"Ni shingo, daktari. Hii ya zamani, hii niliyotarajia, hii ya jana."

"Na hizi namba?"

"Ni za bweni."

Daktari akainuka, akavuta rejista ya wagonjwa kutoka kabatini, akaiweka kando ya daftari. Akaonyesha jina moja, kisha jingine, kisha jingine. Huyu alikuja kwa uchovu. Huyu alikuja analalamika baridi. Huyu hapati choo. Huyu nywele zinakatika. Chiriku mwenyewe alikuwemo: usingizi darasani, alipewa vidonge vya kuongeza damu.

"Nimewaona hawa," alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyejikasirikia. "Mmoja leo, mwingine baada ya wiki mbili, kila mmoja na lake, wamejifunika masweta mpaka kidevuni. Wangekuja siku moja wakakaa kwenye benchi lile, ningejua kabla hawajafungua mdomo. Mama, wewe umewakalisha kwenye benchi moja."

Akaeleza. Shingoni kuna tezi, na tezi hiyo inahitaji madini joto, yale wanayoyaita iodini, ambayo watu wengi huyapata kwenye chumvi iliyotiwa madini hayo kiwandani. Yakikosekana, tezi huvimba ikijitahidi, na hilo ndilo rovu. Mtoto huwa mzito, husinzia, husikia baridi, na masomo hayakai kichwani hata ajitahidi vipi.

Wifi aliposikia neno la mwisho akainama akaficha uso kwenye kanga. "Na mimi nilimwita mvivu," akasema. "Nilimwita mvivu, wifi."

"Wote tulimwita," Mama Futi akamjibu, akamshika bega. "Daktari, linatibika?"

"Kwa watoto, likiwahiwa, linarudi. Lakini kwanza niambieni, wa bweni wanakula nini ambacho wa kutwa hawali?"

Alhamisi daktari mwenyewe alikwenda shuleni. Aliwapa watoto maji, akawaambia wameze huku wameinua videvu, na koo baada ya koo, kile kitu kilipanda na kushuka mbele ya macho ya walimu wote. Mwalimu Mkuu alikaa kwenye ngazi ya baraza, hakujali sketi yake. Kisha wakaenda jikoni.

Mtunza stoo wa shule alikuwa mwanamume mpole mwenye funguo nyingi kiunoni. Aliulizwa chumvi, akaonyesha gunia: chumvi ya mabonge, nzito, ya kijivu kidogo, aliyoinunua kwenye lori moja kwa moja kutoka wanakoikusanya.

"Chumvi ni chumvi," akajitetea.

Daktari aliomba sahani nyeupe. Akaweka vifungu vitatu vya chumvi: kimoja Mama Futi alikuwa amekileta kutoka nyumbani kwake, kimoja kilitoka kwa mwalimu wa zamu aliyeishi jirani, kimoja kilitoka kwenye gunia. Akatoa kichupa kidogo kama cha dawa ya macho, akadondosha tone moja juu ya kila kifungu. Chumvi ya Mama Futi ikageuka buluu iliyokolea. Ya mwalimu ikageuka buluu. Ya gunia ikalowa tu, ikabaki kama ilivyokuwa. Daktari akadondosha tone la pili. Wote wakainama juu ya sahani ile, mpaka mpishi akaacha sufuria yake ikafurika.

"Umeanza kununua hii lini?" Mwalimu Mkuu akauliza.

Mtunza stoo akafungua kitabu chake. Ilikuwa mwaka juzi, mwezi wa nne. Mama Futi akafungua daftari la mwaka jana alilokuja nalo, maana tangu Jumanne alikuwa amepata wazo na ameyapekua yote ishirini na mawili. Mwaka jana, mistari mitatu ilikuwa na maneno pembeni, kola ilibana, ikaachiwa kidogo, na yote mitatu ilikuwa ya bweni. Kabla ya hapo, kurasa baada ya kurasa, miaka ishirini mizima, hapakuwa na kola hata moja iliyoachiwa.

"Nilidhani nasaidia shule," mtunza stoo alisema. Machozi yalimlengalenga, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kumkaripia, kwa sababu kila mtu aliyesimama pale alikuwa amewaona watoto wale kila siku kwa miaka miwili na hakuona kitu.

Gunia lilitolewa jikoni saa ileile. Kabla ya chakula cha mchana mpishi alikuwa na chumvi ya pakiti, na daktari alikuwa ameshapiga simu hospitali kubwa.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Wale watu, wanaosemaga, walikuja wote na wakakaa mbele. Fundi wa sokoni naye alikuwepo, na mfuko wa mashati yake ya mfano magotini. Mama Futi alikaa nyuma karibu na mlango, kwa sababu Mwalimu Mkuu hakuwa amemwambia neno tangu Alhamisi. Alijua amewaokoa watoto. Hakujua kama ameokoa jina lake, na alijionea haya kwamba bado analitaka.

Mwalimu Mkuu alisimama akiwa na shati moja mkononi. Hakuanza kwa salamu.

"Wiki hii nilimtupia fundi wetu gunia la mashati, nikamwambia watu wanasema ni mdokozi. Leo nawaambia hao watu ni akina nani. Mmoja ni mimi. Niliposikia, niliamini, nikamkabidhi mashati badala ya kumkabidhi watoto." Akainua shati juu. "Kola hii haina kosa. Watoto wetu ndio waliokuwa wagonjwa, na sisi tuliosimama mbele yao kila asubuhi kukagua vifungo hatukuona shingo zilizo nyuma ya vifungo. Mtu mmoja tu katika mji huu alikuwa ameziandika."

Akaeleza yote, chumvi na tezi na sahani na namba za daftari. Kisha akamwita Mama Futi mbele. Alipopita katikati ya viti, mzazi mmoja akasimama, mwingine akasimama, na kufikia katikati ukumbi mzima ulikuwa wima ukipiga makofi. Watu wanaosemaga walipiga kwa nguvu kuliko wote, kama kawaida yao. Fundi wa sokoni naye alipiga, na lazima asifiwe kwa hilo.

Mama Futi alikuwa ameandaa maneno mazuri tangu Jumatatu, maneno ya kuwavua nguo wote waliompaka matope. Alipofika mbele akayasahau.

"Shingo sikupima," akasema. "Niliongeza robo inchi kwa mazoea. Ningepima mwaka jana, watoto wasingesinzia mwaka mzima zaidi. Hilo ni langu, na nawaomba radhi."

Alipotaka kurudi nyuma, Mwalimu Mkuu alimshika mkono, akamzuia. Akamwita Chiriku, aliyekuwa amekaa na mama yake. Mbele ya wazazi wote akatoa ile ripoti yenye wino mwekundu, akaipasua vipande vinne, akamwambia mtoto: "Hukuwa mvivu. Ulikuwa unapanda mlima kila siku na mzigo ambao sisi hatukuuona. Nisamehe." Mtoto hakujua afanye nini, akapiga goti, na Mwalimu Mkuu, mwanamke wa kunyooka, akainama akamkumbatia. Wifi alilia kwa sauti na hakuona aibu hata chembe.

Miezi iliyofuata ilikuwa ya kusubiri. Rovu halipungui kwa siku moja. Waliohitaji dawa walipewa, wengine chumvi ilitosha, na daktari alipita kila mwezi. Alichukua nakala ya kurasa za Mama Futi, akazipeleka hospitali kubwa, na wakubwa wake wakatuma watu kukagua chumvi kwenye shule nyingine tatu zilizokuwa zikinunua kwenye lori lile. Mbili zilikuwa na watoto waliovimba shingo. Barua ya shukrani ilikuja na mhuri, imeandikwa kwa jina la Mama Futi la kwenye kitambulisho, na tarishi alihangaika kutwa nzima akiuliza huyo ni nani.

Mwaka ukapita, na siku ya kupima ikafika tena. Safari hii Mama Futi alidai siku tatu badala ya moja, na Mwalimu Mkuu akampa nne. Meza iliwekwa barazani. Mama Futi akapima kila kitu, shingo kwanza. Daktari alikaa pembeni na kiti chake, na wifi akashika kalamu.

Namba 7, kumi na mbili na robo. Namba 14, kumi na mbili kamili. Ilikuwa ajabu ambayo fundi hajawahi kuiona katika maisha yake yote ya kupima watoto: walikuwa wamerefuka, wametanuka mabega, wamepanda vifua, na shingo zao zilikuwa zimerudi nyuma. Kola pana alizowashonea upya mwaka jana ziliwalegea, na walikuwa wakizungusha vichwa ndani yake kwa makusudi, wakichekana.

Kisha akaitwa namba 51. Hakuvaa sweta. Alikuja akiongea na msichana aliyekuwa nyuma yake, akaendelea kuongea hata futi ilipomzunguka, mpaka shangazi yake akamwambia anyamaze kidogo kwa sababu koo linacheza.

"Kumi na mbili na robo tatu," Mama Futi akatangaza.

Wifi hakuandika. Alikuwa ameshika kalamu hewani, macho kwenye mstari wa mwaka jana uliosema kumi na nne.

"Andika, wifi."

"Pima tena."

"Nimepima."

"Najua umepima. Pima tena."

Mama Futi akapima tena, taratibu, futi imelala sawasawa pande zote, akamgeuza mtoto ili mama yake aone mwenyewe mahali mistari inapokutana. Kumi na mbili na robo tatu. Wifi akasogeza uso karibu, akasoma kwa macho yake, akaweka kidole juu ya alama ile na kukiacha pale.

"Mama, nitachelewa," Chiriku akasema. "Tuna hesabu, na leo mimi ndiye ninayefundisha wenzangu ubaoni."

"Nenda," mama yake akamwambia, na mtoto akaondoka mbio. Wifi akafuta macho kwa mgongo wa mkono, akaandika namba ile kwa maandishi makubwa kuliko yote yaliyokuwa kwenye ukurasa, na Mama Futi akaita mtoto anayefuata.